Robert Schuman, Spika wa Bunge la Mataifa Sita



Sisi mafrateri tunatoka majimbo mengi, na kila mwaka tunapochagua viongozi wetu tunaambiana kwamba tutamchagua anayefaa. Kura zikishahesabiwa, ukizitazama vizuri, unakuta zimefuata majimbo. Waliotoka kanda moja wamempa wa kwao, na waliotoka kanda nyingine vivyo hivyo. Hatumlaumu mtu, maana sisi wenyewe tumo. Lakini jambo hilo ndilo lililotufanya tuketi na kusoma kwa makini maisha ya Robert Schuman, mlei Mkatoliki, mwanasheria na waziri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1963. Wengi humtaja kama mmoja wa mababa wa Umoja wa Ulaya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1958 aliketi katika kiti cha Spika (wenyewe humwita Rais wa Bunge) cha bunge lililokusanya wawakilishi wa mataifa sita, na kwamba namna alivyokipata kiti hicho ilikuwa na somo zito kuhusu kura na utaifa.

Alizaliwa tarehe 29 Juni 1886, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, katika kitongoji cha Clausen mjini Luxembourg. Mama yake, Eugénie Duren, alikuwa Mluxembourg. Baba yake, Jean-Pierre, alizaliwa Evrange, kijiji cha Lorraine kilichoko mpakani kabisa. Alizaliwa Mfaransa, lakini Ufaransa iliposhindwa vita na Ujerumani ikalichukua eneo hilo mwaka 1871, akajikuta Mjerumani. Basi mtoto Robert alizaliwa Luxembourg, akiwa raia wa Ujerumani, kwa baba ambaye utotoni alikuwa Mfaransa. Nyumbani alisema Kiluxembourg, na shuleni akajifunza Kijerumani na Kifaransa. Kwetu watu wa namna hii hawana ugeni. Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma, na Wamasai hawakuulizwa na mtu mpaka wa Tanzania na Kenya upite wapi.

Baba alifariki mwaka 1900, na mama akamlea mwanawe huyo wa pekee katika sala na Misa ya kila siku. Robert alisoma sheria Bonn, München, Berlin na Strasbourg. Mwaka 1911 mama naye akafariki kwa ajali ya gari la farasi. Kijana wa miaka 25, umri wetu huu, akabaki peke yake duniani, na akafikiri kwa uzito kuingia upadre. Rafiki yake mmoja akamwandikia kumsihi abaki mlei, kwa imani kwamba watakatifu wa nyakati zinazokuja watakuwa watu wanaovaa suti. Sisi tunaovaa kanzu tukifika hapo hutazamana na kucheka kidogo. Schuman aliukubali ushauri huo. Hakuoa, wala hakuacha Misa ya kila siku hadi ugonjwa ulipomlaza. Mwaka 1912 alifungua ofisi ya uwakili mjini Metz.

Mwaka 1918 Ujerumani ikashindwa, Lorraine ikarudi Ufaransa, na Schuman akawa Mfaransa akiwa na miaka 32. Mwaka uliofuata watu wa mkoa wa Moselle walimchagua kwenda bungeni Paris. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kupatanisha sheria: watu wake walikuwa wameishi karibu miaka hamsini chini ya sheria za Kijerumani, na Paris ilitaka kufuta kila kitu. Yeye alitetea yaliyo mema yabaki, yakiwemo bima za wafanyakazi na mapatano ya Kanisa na serikali ya mwaka 1801. Ndiyo maana hadi leo mapadre wa Alsace na Moselle hulipwa na serikali ya Ufaransa, jambo ambalo kwingineko nchini humo halipo.

Sasa tunafika mahali pagumu, na hatutaki kupapita mbio kama wafanyavyo baadhi ya wanaoandika maisha ya watu wanaotarajiwa kutangazwa watakatifu. Tarehe 10 Julai 1940, Ufaransa ikiwa imeangushwa na majeshi ya Hitler, wabunge na maseneta walikusanyika katika mji wa Vichy. Waliulizwa kama wanakubali kumpa Jemadari Pétain, mzee shujaa wa vita vilivyotangulia, mamlaka yote ya kutunga katiba mpya. Waliosema hapana walikuwa 80. Waliosema ndiyo walikuwa 569, na Schuman alikuwa mmoja wao. Bunge lilijiua kwa kura zake lenyewe. Waweza kumtetea kwamba hofu ilikuwa kubwa, kwamba wengi waliona hakuna njia nyingine, kwamba hakuna aliyejua Vichy itageuka kuwa nini. Yote hayo ni kweli. Lakini wale 80 nao walikuwa na hofu ileile. Sisi tunaona ilikuwa kura mbaya, na tunaona pia kwamba mtu hawezi kuelewa bidii yake ya baadaye ya kujenga taasisi bila kukumbuka kwamba siku moja yeye mwenyewe aliinua mkono kuiangusha moja.

Malipo yalikuja upesi. Alirudi Metz, na tarehe 14 Septemba 1940 Gestapo wakamkamata. Alikaa miezi saba katika chumba cha peke yake, kisha akahamishiwa Neustadt, Ujerumani, chini ya ulinzi. Mwezi Agosti 1942 alitoroka na kuvuka kurudi Ufaransa, akawa anajificha katika monasteri na nyumba za watawa, akisali na kusoma, hasa Mtakatifu Thomas wa Akwino. Vita vilipoisha, ile kura ya Vichy ilimfuata: sheria iliwazuia waliosema ndiyo wasigombee tena. Ilimbidi akate rufaa, akasafishwa Septemba 1945, na mwezi uliofuata Moselle ikamrudisha bungeni.

Kuanzia hapo alipanda haraka: Waziri wa Fedha, kisha Waziri Mkuu mwaka 1947 wakati migomo ilipotishia kuipasua nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1948. Inasimuliwa kwamba jioni alipita kwenye korido za wizara akizima taa zilizoachwa zikiwaka bure. Tarehe 9 Mei 1950 alitoa lile Tangazo linalojulikana kwa jina lake, lililoandaliwa na Jean Monnet na wenzake: makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, na nchi nyingine za Ulaya zikaribishwe. Bila makaa na chuma hakuna mizinga, na hivi sasa hakuna hata mmoja kati ya hao wawili ambaye angeweza kujitengenezea mizinga kwa siri.

Tulipolisoma Tangazo lile tulishangaa kwamba bunge halimo. Mna Mamlaka Kuu ya watu huru watakaoteuliwa na serikali, basi. Wazo la bunge liliingia baadaye, katika mazungumzo ya nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Mamlaka ambayo haitoi hesabu kwa yeyote isingekubalika. Kwa hiyo Mkataba wa Paris wa tarehe 18 Aprili 1951 uliweka Bunge la Pamoja lenye viti 78, lenye uwezo wa kuiondoa Mamlaka Kuu kwa theluthi mbili ya kura. Ufaransa, Ujerumani na Italia zilipata viti 18 kila moja, Ubelgiji na Uholanzi 10 kila moja, na Luxembourg 4.

Hesabu hiyo ina maana. Luxembourg ilikuwa na watu wachache kuliko mkoa wetu mmoja, na kama viti vingegawanywa kwa idadi ya watu tu isingepata hata kimoja. Ujerumani nayo ilikuwa na watu wengi kuliko Ufaransa, lakini ikakubali kulingana nayo. Katika bunge la mataifa mengi mkubwa lazima apunguze kidogo na mdogo aongezewe kidogo, ama sivyo mdogo hatakuja mezani. Kwetu Afrika Mashariki tulikwenda mbali zaidi: katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha kila nchi, kubwa kwa ndogo, hupeleka wabunge 9 wa kuchaguliwa.

Kuna jambo jingine linalofanana na Arusha. Wale 78 hawakuchaguliwa na wananchi, bali kila bunge la taifa lilichagua wajumbe miongoni mwa wabunge wake. (Arusha wajumbe huchaguliwa na mabunge ya kitaifa vilevile, ila hawaruhusiwi kuwa wabunge wa nyumbani pia.) Mkataba uliruhusu nchi kuwaachia wananchi wapige kura wenyewe, lakini hakuna hata moja iliyofanya hivyo. Matokeo yake ni kwamba wenye wingi nyumbani ndio waliokuwa na ufunguo wa mlango. Wakomunisti wa Italia na wa Ufaransa walikuwa na mamilioni ya wapiga kura, lakini wa Italia hawakutia mguu katika bunge hilo hadi 1969, na wa Ufaransa hadi 1973. Schuman na wenzake waliwaogopa Wakomunisti, na sisi tunaelewa kwa nini, ukikumbuka yaliyokuwa yakilipata Kanisa Ulaya Mashariki. Hata hivyo bunge lililowafungia nje watu wengi kiasi hicho lilikuwa na picha pungufu ya Ulaya.

Kikao cha kwanza kilifanyika Strasbourg mnamo Septemba 1952. Wagombea wa kiti cha Spika walikuwa wawili: Paul-Henri Spaak, Msoshalisti kutoka Ubelgiji, na Heinrich von Brentano, Mdemokrasia Mkristo kutoka Ujerumani. Wademokrasia Wakristo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote, lakini alishinda Spaak. Sisi hatuoni sababu nzito kuliko kumbukumbu ya vita: ilikuwa imepita miaka saba tu, na kumketisha Mjerumani juu ya wote kulikuwa kugumu. Utaifa ulikuwa bado unapiga kura. Mwaka 1954 kiti kilimwangukia Mwitalia Alcide De Gasperi, Mtumishi wa Mungu, ambaye ujanani alikuwa mbunge wa Waitalia wa Trento katika bunge la Vienna, wakati wa dola la Austria lenye mataifa mengi. Alifariki mwaka huohuo.

Mwaka 1957 nchi zile sita zilitia saini Mikataba ya Roma, na bunge likapanuliwa kuwa na viti 142. Hapo serikali zikaketi kugawana vyeo, kama serikali zinavyofanya. Tume alipewa Mjerumani, Walter Hallstein. Kiti cha Spika zilipanga kimwendee Mwitalia Gaetano Martino, Mliberali, aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Messina wa mwaka 1955 ulioizaa mikataba hiyo. Martino hakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwamba wabunge walikuwa wakiletewa Spika aliyekwisha kuchaguliwa na mawaziri, kwa hesabu ya nchi gani bado haijapata kitu.

Wabunge walikataa. Wademokrasia Wakristo walimtanguliza Schuman, mzee wa miaka 71, na tarehe 19 Machi 1958 alichaguliwa kwa shangwe bila mpinzani. Martino ilimbidi asubiri hadi 1962. Huenda msomaji ataona ni jambo dogo, kwamba Mfaransa alikaa mahali pa Mwitalia. Lakini waliomchagua hawakuwa Wafaransa peke yao, wala hawakumchagua kwa sababu ya Ufaransa. Kwa mara ya kwanza chombo cha mataifa sita kilikuwa kimeziambia serikali zote sita kwamba mwenye kiti chake kitamchagua chenyewe.

Tarehe 13 Mei 1958, Schuman akiwa kitini, wabunge waliketi ukumbini kwa makundi ya kisiasa, si kwa mataifa. Wademokrasia Wakristo wa nchi zote walikaa pamoja, Wasoshalisti pamoja, Waliberali pamoja. Msoshalisti wa Ujerumani sasa alikuwa jirani wa Msoshalisti wa Ufaransa, na Mjerumani mwenzake alikuwa upande wa pili akimpinga. Kwa mtu aliyebadilishiwa utaifa na vita, aliyefungwa na Wajerumani na kuhojiwa na Wafaransa, tunaamini kuona viti vile vimepangwa hivyo kulimgusa kuliko sherehe nyingi. Alijua kwamba nchi inaweza kubadilika chini ya miguu yako, lakini unachokiamini kuhusu mtu, familia na manufaa ya wote unavuka nacho.

Tusimpambe kupita kiasi. Bunge lake lilikuwa la kushauri. Serikali ziliweza kulisikiliza na kuendelea na mambo yao. Mkataba uliliagiza liandae mpango wa kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na kamati iliyoongozwa na Mbelgiji Fernand Dehousse iliifanya kazi hiyo wakati wa Schuman. Bunge lilipitisha mpango huo Mei 1960, miezi miwili baada ya yeye kuondoka kitini. Siku aliyoondoka wenzake walimpa jina la Baba wa Ulaya. Mpango ule serikali ziliuweka kabatini kwa miaka mingi.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika tarehe 7 hadi 10 Juni 1979, katika nchi tisa, kwa viti 410. Schuman hakuuona, lakini tunataka msomaji aone ulivyokwenda. Hakukuwa na uchaguzi mmoja bali tisa kwa pamoja, kila nchi kwa sheria yake. Nchi nyingi ziligawa viti kulingana na asilimia ya kura za kila chama. Uingereza ilitumia majimbo, kama tunavyochagua wabunge wetu, na mwenye kura nyingi jimboni akachukua kiti. Wahafidhina wakapata viti 60 kati ya 81 kwa karibu nusu ya kura, na Waliberali wa huko, waliopata zaidi ya kura moja katika kila kumi, hawakupata hata kiti kimoja. Mwaka 1994 mzani uliinamia upande wa pili: chama cha Labour kilipata viti 62 kwa njia hiyohiyo, na Wasoshalisti wa Ulaya nzima wakabaki kundi kubwa kuliko yote. Uingereza ilipobadili sheria yake na kufuata uwiano wa kura mwaka 1999, Labour ilishuka hadi viti 29, na mwaka huohuo kundi la Wademokrasia Wakristo na Wahafidhina likawa la kwanza. Kura zenyewe zilikuwa zimebadilika, ni kweli, lakini sheria ya nchi moja ilisaidia kugeuza mzani wa bunge la nchi kumi na tano.

Tena kuwa kundi kubwa si kutawala. Hakuna kundi lililowahi kuwa na zaidi ya nusu ya viti peke yake, hivyo kila jambo huhitaji mapatano. Mwaka 1979 Wasoshalisti ndio waliokuwa wengi kuliko kundi lolote, lakini Spika alitoka kwa Waliberali wachache: Simone Veil, aliyenusurika Auschwitz, aliyeshinda katika duru ya pili kwa kura 192, huku zikihitajika 189. Wademokrasia Wakristo walimuunga mkono. Na huyo ndiye aliyekuwa waziri aliyesimamia sheria ya utoaji mimba nchini Ufaransa mwaka 1975. Hapo darasani kwetu mjadala uliwaka, na haukuisha kengele ilipolia. Wenzetu wengine walisema Schuman asingempigia. Wengine walisema mtu aliyelala miezi saba katika seli ya Gestapo asingeshindwa kuona uzito wa kumketisha kitini mtu aliyetoka Auschwitz. Sisi wenyewe tuligawanyika, na safari hii hatukugawanyika kwa majimbo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Jioni moja ya Januari 1961 alitoka kutembea karibu na nyumba yake huko Scy-Chazelles, nje ya Metz, akaanguka, akalala usiku kucha nje kwenye baridi kabla ya kupatikana. Tangu hapo mwili uliendelea kudhoofika. Alifariki katika nyumba hiyo tarehe 4 Septemba 1963. Alizikwa makaburini pale kijijini, na mwaka 1966 mwili wake ukahamishiwa katika kanisa dogo la kale la Mtakatifu Quentin, linalotazamana na nyumba yake, kanisa lenye kuta nene lililojengwa kama ngome.

Tarehe 19 Juni 2021 Papa Fransisko aliidhinisha hati inayotambua kwamba Schuman aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Ile kura ya 1940 ilijulikana na wote waliochunguza maisha yake. Ili atangazwe Mwenyeheri bado unahitajika muujiza mmoja uliothibitishwa kwa maombezi yake.